Visu Vilivyokataa Kuinuka

Ni masika ya mwaka 2024, asubuhi ya leo. Digna rafiki yangu, sikia yaliyotokea.

Kaka yangu Teofili alikuwa akikata nyasi za makaburini kwa kile kitrekta chake kikuukuu cha kufyekea. Alipofika kwenye kaburi la marehemu Amedeus, mtani wake, sahani ya visu iliyo chini ya kitrekta ikaanguka. Akavuta mkono wa kuinulia, haikuinuka.

Akakisukuma kitrekta hadi getini, akapaka grisi, akabadilisha pini. Sahani ikainuka vizuri. Akarudi kaburini.

Ikaanguka, Digna. Ikaanguka tena!

Levina, mjane wa Amedeus, aliyekuwa akipalilia hapo kaburini, akamwambia, "Mtani gani wewe? Siku ya maziko ulibaki Kidatu, mume wangu akazikwa bila hata tusi moja la utani, kama desturi inavyotaka."

Teofili akazima injini, akapiga magoti. "Mvivu mkubwa wewe, Amedeus! Umekufa ili ukwepe jembe!"

Akamtukana huku akilia, mpaka Levina akacheka. Kisha akawasha injini, akavuta mkono wa kuinulia, na visu vikainuka.