Kalenda ya Choo cha Karavani

Workum, Friesland
Jumapili, 6 Oktoba 2019

Mpendwa mdogo wangu Hiske,

Hujambo huko Kanada? Jorrit na baba yake wazima? Sisi hatujambo, ila mimi tangu jana chakula hakipiti, na sababu ni karavani la marehemu Baba, kile kijumba chake cha magurudumu cha likizo.

Tumeliuza. Jana asubuhi nilikwenda kambini kulisafisha kabla wanunuzi hawajafika. Kaka Wiebren alikuwa ameapa kwamba kazi ameshaimaliza. Kweli, nje linang'aa, na madirishani kaweka pazia jipya, wapita njia waone sisi ni watu safi. Nikafungua mlango. Mama yangu! Uvundo ulinirudisha nyuma. Magodoro yameota ukungu mweusi, droo ya vijiko imejaa mavi ya panya, na chini ya jiko mafuta ya soseji ya miaka thelathini, nayakwangua kwa kisu huku nimeziba pua.

Na tangi la choo? Limejaa tangu Agosti! Wiebren na wanawe walikaa humo wiki mbili, wakaliacha hivyohivyo. Alipofika nikamfokea, akanijibu, "Si mnunuzi atamwaga, dada? Kwani yeye haendi chooni?" Mwanamume wa miaka hamsini! Nililibeba mwenyewe kwenda kulimwaga, likanimwagikia. Viatu nimevitupa.

Kurudi, huyo mchafu keshavitia vitu vya Baba vyote kwenye mfuko wa taka, pamoja na ile kalenda ya siku za kuzaliwa, aliyoandikia majina yetu sote, iliyokuwa ikining'inia chooni kama ilivyo desturi yetu huku.

"Achana nayo, makaratasi ya chooni hayo!"

Nikaichomoa kwenye maganda ya viazi, nikaipangusa. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama Baba alikufuta. Unakumbuka alivyopiga meza humohumo ulipomwambia unahama, akasema jina lako lisitajwe tena ndani ya karavani lake. Nasi hatukulitaja, miaka kumi na mmoja. Najichukia kwa hilo kuliko lile tangi.

Hakukufuta. Machi 14, siku yako, upo palepale. Na Juni 2, kwa mwandiko wake wa kutetemeka: Jorrit.

Mimi sikumwambia siku aliyozaliwa. Bibi Aaltje wa karavani la jirani ndiye aliyefichua: "Kila kiangazi alinijia nimtafutie mtandaoni picha za mjukuu, hata za siku yake ya kuzaliwa, kwenye simu yangu. Akanikataza nisiwaambie."

Mzee kiburi! Anakaa na jina la bintiye mbele ya macho kila asubuhi, suruali magotini, na kupiga simu hathubutu. Inanichefua, Hiske, yote, na sisi wengine tulionyamaza.

Wanunuzi walipolikokota karavani nikaliambia, nenda zako.

Nisalimie mumeo. Jorrit mwambie babu yake alikuwa akiijua siku yake. Wiebren anakusalimu, ingawa hastahili kupokewa salamu. Mungu awafunike.

Kalenda nimeitia humu. Ifungulie nje, bado inanuka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuomba radhi,
Sjoukje