Kwa Haidar, Kuhusu Sufiani na Ini la Iddi

Dunda,
Bagamoyo.
19 Juni, 2025.

Mpendwa mpwa wangu Haidar,

Assalaam alaykum. Shikamoo uliyoituma kwa sauti kwenye simu ya binti yangu Nasrin ilinifikia. Marahaba, marahaba sana. Natumai joto la Maskati halijakuzidi na mgongo wako umetulia. Mkeo Yasmini hajambo? Watoto je? Sisi tu wazima kwa uwezo wa Mola, isipokuwa magoti yangu, ambayo hayakunitii masika yote.

Ninaandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, utalia, na lililo muhimu litapotea. Soma yote kwanza, ndipo umpigie ndugu yako Mbaruku. Wewe ndiwe mkubwa wake, na sijui mtu mwingine anayemwogopa.

Mwanawe Sufiani aliacha kula nyama kabla ya Ramadhani. Unajua kwamba amefanya kazi na baba yake tangu amalize shule, machinjioni alfajiri na buchani mchana. Siku moja walichinja ng'ombe aliyenunuliwa Ubena, na walipompasua tumbo wakakuta ndama, mzima, akipiga miguu ndani ya mfuko wake. Mbaruku alimkata, akamtupa kwenye pipa na kuendelea na kazi. Sufiani aliniambia kwamba pipa lile halikuacha kutikisika upesi. Tangu hapo hakutia nyama kinywani. Baadaye aliacha samaki, kisha maziwa, mayai na asali. Vijana wenzake wanasema amekuwa "vegani". Neno hilo silipendi, lakini ndilo wanalotumia.

Nilimwita nikamkumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ametuhalalishia wanyama. Alinijibu kwa adabu: "Babu, sisemi ni haramu. Nasema mimi siwezi." Sikuona kosa katika jibu hilo, na mpaka leo silioni.

Kilichowachosha watu ni kusoma kwake. Hanunui kitu kabla hajakigeuza na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Biskuti zina unga wa maziwa, anazirudisha. Peremende zina jelatini, ule ute wa mifupa na ngozi za wanyama, anazirudisha. Alipata viungo vya mchuzi vya pakiti, nje vimechorwa karoti na vitunguu, ndani mna mafuta ya kuku. Siku moja nilimkuta dukani kwa Abdulswamad, watu wamepanga foleni nyuma yake, na Abdulswamad akimwuliza:

"We Sufiani, hapa ni dukani au maktaba?"

"Subiri kidogo, ami. Herufi zenyewe kama sisimizi."

"Si ina muhuri wa halali? Wataka nini tena?"

"Muhuri unaniambia mnyama kachinjwa vizuri. Mimi nataka kujua kama yumo."

Watu walicheka, na kicheko hicho kilifika buchani. Wateja wakaanza: "Mbaruku, mwanao kawa mbuzi. Iddi hii utamchinja yupi?" Mbaruku alicheka nao. Aliporudi nyumbani alimcharaza kijana mkanda mpaka ngozi ya mgongo ikachanika. Alisema kwamba anayekataa kilicho halali anamsahihisha Mungu, na kwamba mtoto wa bucha anayekula majani anamtukana babaye kila anapotafuna.

Sasa nakuja kwenye Iddi yenyewe. Unakumbuka desturi ya marehemu baba yenu: mnyama wa Iddi akishachinjwa, ini hukaangwa kwanza, na baba humtilia kila mtoto kipande kinywani kwa mkono wake. Anayekipokea amepata radhi kwa mwaka mzima. Mbaruku hajawahi kuiacha desturi hiyo, hata mwaka aliokuwa na homa.

Mkewe Mwaija aliiogopa saa hiyo kuliko kitu kingine. Akaagiza kutoka Dar pakiti ya nyama ya soya, akaikatakata na kuikaanga kwa pilipili manga mpaka ikawa nyeusi kama ini. Kipande kimoja alikiweka ukingoni mwa sinia, mbele ya Mbaruku, akichukue zamu ya Sufiani itakapofika. Kijana alikuwa amekwisha kunong'onezwa afungue kinywa tu. Pakiti ilikuwa na muhuri wa halali, mkubwa kama shilingi, na Mwaija alipouona alitosheka. Wengi wetu tungetosheka. Kwetu muhuri ule ukiwapo, hapaulizwi jambo jingine.

Lakini Sufiani alipoingia jikoni kuchukua maji ya kunawa, aliikuta pakiti tupu, akaisoma, akakuta soya imechanganywa na mafuta ya ng'ombe.

Nilikuwapo, nimekaa kuliani mwa Mbaruku. Alikichukua kile kipande, akasoma Bismillahi, akanyoosha mkono. Sufiani aligeuza uso.

"Baba, nisamehe. Hiki nacho kina mnyama."

"Nacho?" Mbaruku aliuliza. "Kwani ini ni nini, muhogo?"

Hapo Mwaija alianza kulia, na hila yote ikajulikana.

Mbaruku alimpiga mkewe usoni kwa mgongo wa mkono, Mwaija akaangukia sinia. Alimkaba Sufiani shingo, akamgonga kichwa ukutani, akalisokomeza ini halisi kinywani mwake kwa vidole viwili. Nilisikia jino likivunjika. Sufiani alimuuma vidole mpaka mfupani, na damu zao zikachanganyika kwenye kanzu mpya. Niliwaamuru waachane. Sauti hii ilinyamazisha madarasa miaka mingi, lakini siku hiyo haikumnyamazisha mtu. Mbaruku alichomoa kisu cha kuchinjia. Sufiani alirudi kinyumenyume hadi uani, mkono wake ukakuta mchi, akampiga baba yake mkono wa kulia, pigo moja. Mfupa ulitoa mlio wa ukuni unaovunjwa.

Mtoto amempiga baba yake. Sitalipunguza kosa hilo kwa neno lolote, na Sufiani mwenyewe nimemwambia hivyo.

Nilimchukua kijana nikamweka kwangu. Mbaruku alifungwa plasta, akatoka hospitalini akiapa mbele ya watu kwamba ataukata mkono uliompiga na kuutundika buchani pamoja na mapaja ya ng'ombe. Nilidhani ni maneno ya hasira na maumivu, yatapoa. Jumatatu alikuja na shoka la kukatia mifupa.

"Mjomba, ondoka mlangoni."

"Siondoki. Na ukija kwangu, unasalimu kwanza."

"Shikamoo. Ondoka."

"Marahaba. Siondoki."

Alipiga shoka kwenye mlango, juu ya bega langu. Kibanzi kikanirukia na kunichana paji la uso. Usishtuke, nimeshonwa na ninaona vizuri. Alikuwa analiinua mara ya pili Sufiani alipopita chini ya mkono wangu na kutoka nje. Alipiga magoti, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya baraza.

"Kata, baba. Ukimaliza niache niende zangu."

Haidar, alikata. Plasta ilimlazimisha kutumia mkono wa kushoto, na mkono huo haukuzoea, kwa hiyo shoka lilikwenda pembeni. Liliondoa kidole cha mwisho chote na nusu ya kinachofuata. Mbaruku alikitazama kidole kile kwenye baraza. Kisha alilitupa shoka, akavua kofia yake, akaikandamiza kwenye jeraha na kupiga kelele mtaa mzima: "Leteni gari! Mwanangu anakufa! Leteni gari!" Mtu asiyejua angedhani mwingine ndiye aliyekata.

Hospitalini waliuliza imekuwaje. Sufiani alisema, "Nimeumia buchani." Mbaruku alikuwa amesimama hapo, damu mpaka kiwikoni.

Kesho yake muuguzi alileta dawa ya kuzuia kidonda kuoza, vile vidonge vya rangi mbili vyenye unga ndani ya ganda. Unaweza kukisia kilichofuata. Sufiani aliomba boksi, akalisoma, akakuta ganda ni la jelatini ya ng'ombe. Akavirudisha.

"Kaka, kidonda hiki kikioza tutakata mkono mzima," muuguzi alimwambia. "Nawe unachagua ganda?"

"Nipe aina nyingine."

"Aina nyingine hatuna. Hapa si hotelini."

Nilishika fimbo yangu tayari, kwa maana Mbaruku alikuwa mlangoni na nilimwona akija. Alimpita mwanawe, akamwuliza muuguzi, "Na unga wa ndani? Una mnyama?"

Muuguzi alikwenda kwa mfamasia. Alirudi na jibu kwamba unga hauna mnyama, na kwamba dawa hiyo hairuhusiwi kutafunwa lakini inaweza kufunguliwa na kuchanganywa na maji. Mbaruku alikaa ukingoni mwa kitanda. Alishika ganda kwa meno na kwa ule mkono wake wa kushoto, akalifungua, akamimina unga kwenye kijiko.

Tangu siku hiyo huja kila wakati wa dawa. Hufungua, humimina, huondoka. Hajamsemesha mwanawe hata neno moja, wala Sufiani hajamsemesha yeye. Kijana yuko tayari kuomba msamaha wa pigo la mchi, lakini kila akifungua kinywa baba yake yuko mlangoni anatoka. Daktari anasema vidole vilivyobaki vitapona. Akiruhusiwa, Sufiani anataka kwenda Saadani kutafuta kazi hifadhini, na ameniambia kwamba hatarudi. Akiondoka hivi bila radhi, tumempoteza. Mwaija naye hatafika mbali kwa huzuni.

Mimi Mbaruku nimemwambia yote niwezayo. Ananijibu "Ndiyo, mjomba," kisha hafanyi. Wewe ni mkubwa wake. Mwamuru atamke radhi kwa mdomo wake, mbele yangu, na amwache kijana ale anachokula.

Nisalimie Yasmini na watoto, umwambie kofia alizoshona zimenifika. Nasrin anakusalimu. Mwaija anakusalimu pia. Uvimbe wa uso umeshuka. Mola akuzidishie afya, na auweke ulimi wako mahali pema siku utakapozungumza na ndugu yako.

Mpigie baada ya swala ya magharibi, akiwa amerudi kutoka wodini. Usianze kwa kumgombeza. Muulize kwanza mkono wake uliovunjika unaendeleaje, kwa sababu hapa hakuna aliyemuuliza, hata mimi mwenyewe.

Mimi mjomba wako, akupendaye hata anapokuamuru,

Mtoro bin Mwishehe