Kona ya Chini

Jumatatu, 6 Oktoba
Ua wa miiba umekwisha. Mbuzi wa jirani sasa watafute kwingine. Ekari hii ni ya nyuki, ndege na digidigi, na ya maua ya porini ambayo mbegu zake nimeokota kando ya barabara ya Kwa Vonza, watu wakinicheka. Nimepanda kote, hata kona ya chini ambayo mama mkwe alisema niiache. Hakutoa sababu. Bila sababu mimi sisikii.

Jumatano, 8 Oktoba
Mbegu za kona ile zimetoka ardhini. Zimekusanywa kirundo kimoja, safi, kama zimepepetwa. Kyalo, mume wangu, anasema ni sisimizi. Haya. Nimezifukia tena.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kirundo tena. Nimefukia, nikafunika kwa matawi ya miiba na mawe juu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Matawi hayajaguswa. Mbegu ziko juu ya jiwe kubwa, zote. Hakuna alama ya mguu wala kwato. Nilipoinama, mtoto alinipiga teke tumboni, kisha akatulia. Jioni hii bado ametulia.
Naogopa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi si guu ninalolihofia.

Jumapili, 12 Oktoba
Jana kliniki walisema moyo wa mtoto unapiga sawa. Mbona hachezi?
Nimemweleza mama mkwe kila kitu. Alikuwa anachambua pojo. Akaweka ungo chini.
"Hapo kuko na mtoto wangu," akasema. "Msichana, wa kwanza. Alikufa kabla apewe jina. Zamani mtoto hana jina si mtu bado. Hatukumlilia. Niliambiwa nisahau."
Kyalo hakujua kwamba alikuwa na dada. Ametoka nje, hajarudi kula. Na mimi nimemlima huyo mtoto kwa jembe. Aibu imezidi hata woga.

Jumanne, 14 Oktoba
Tulishuka sisi watatu, mimi, Kyalo na mama mkwe. Mama alibeba uzi wa ushanga, kama ule anaovalishwa mtoto siku ya kupewa jina. Akaulaza juu ya udongo.
"Wewe ni Nduku," akasema. "Nduku dada ya Kyalo, mtoto wangu. Umekaa sana bila kuitwa."
Halafu akalia. Tulimwacha alie mpaka akamaliza. Mbegu nikazirudisha ardhini kwa vidole, polepole. Tukipanda kurudi nyumbani, mtoto akageuka tumboni, nikalazimika kushika mti.

Jumatano, 15 Oktoba
Hakuna kirundo.

Alhamisi, 27 Novemba
Mvua imekuwa nzuri. Kona ya chini ilitangulia kuchanua, manjano na zambarau, na nyuki wamejaa huko. Mama hushuka asubuhi kumsalimia Nduku kabla ya chai. Mtoto anacheza mpaka ananichosha.
Ule ushanga hauko tulipouweka. Hatujautafuta.