Panya Waliosusa

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza kukusumbua. Mimi nipo, ila wa kulala tu. Figo zimegoma, na daktari, niliyemfundisha mwenyewe, siku hizi hunijibu huku akitazama dirisha.

Nakuandikia kuhusu marehemu mumeo, shemeji yangu, na yale majani.

Unakumbuka nilivyokuja kwako na chupa ya kwanza ya maji ya majani hayo, kifua mbele, nikitangaza kwamba maabara yetu imepata dawa ya kushusha sukari. Shemeji aliionja, akakunja uso, akasema dawa chungu namna ile isipoponya itakuwa ni uonevu mtupu. Tulicheka. Akaacha sindano zake kwa neno langu. Mwezi wa tatu tangu aziache tukamzika.

Msibani, mbele ya wifi zako, nilikuuliza ulikuwa ukimpa vijiko vingapi. Ulijibu vitatu, kama nilivyoagiza. Nilitikisa kichwa, kama wa kusikitikia kosa lako. Kutikisa kule ndiko kulikokuhukumu. Tangu hapo wakakuita Mpika Majani, na mama mkwe wako amekufa bila kukubali umshike mkono.

Sasa ukweli. Maji ya majani tuliyachanganya kwenye chakula cha panya wa maabara. Sukari yao ikashuka, uzito ukapungua, nikashangilia. Mzee aliyesafisha vizimba akaniambia kwamba panya wale hawaponi, wanasusa. Chakula anakitupa kama kilivyowekwa. Nilimwambia tangu lini ufagio ukatoa shahada. Hata hivyo, alipoondoka nilipima masazo mwenyewe. Alisema kweli. Sukari ilishushwa na njaa, si na majani.

Siku hiyo shemeji alikuwa hai, mwezi wa pili bila sindano. Kutoka maabara hadi kwako ni mwendo wa nusu saa. Sikuja. Wiki iliyofuata nilikuwa nisome matokeo yangu mbele ya wakuu, na nilikitaka cheo. Nilikipata.

Vijiko vyako vilikuwa sahihi, mdogo wangu. Waite wifi zako na wanao, uwasomee barua hii kwa sauti, usiruke mstari. Usije kunitazama kabla ya hapo. Na baada ya hapo, usipokuja, nitaelewa.

Wasalimie wapwa zangu, ikiwa watazipokea salamu.

Ni mimi kaka yako, niliyejua.