Mama Mkwe, Nimeonja Divai Zako

Mama mkwe wangu mpendwa,

Barua hii atakusomea Odette, mjukuu wako, polepole, maana najua masikio yako yamechoka kama miguu yako. Asome yote, hata pale atakapoona aibu kuyasoma maneno ya baba yake. Sijawahi kukuandikia. Sijawahi hata kukaa nawe katika chumba kimoja, tangu nilipomwoa Beatrice, binti yako, mpaka leo nina mvi kichwa kizima. Ndivyo tulivyolelewa sisi Waluba: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapishani njiani. Ulipokuwa bado unatembea, nikikuona kwa mbali unatoka upande wa soko, mimi najitupa majanini kama mwizi wa mahindi, na wewe unageuka kutazama ua wa watu mpaka nipotee. Haya hiyo nimeishika vizuri, hakuna wa kunilaumu. Lakini nimechoka, Mama, na nakwambia mapema ninachotaka: kabla hujatuacha, nataka tukae pamoja walau mara moja.

Nianze na divai, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza.

Unakumbuka ulipokuwa bado hapa Kamina, nyumba yako na yetu zilitengwa na ua wa matete tu. Mimi nilikujua kwa masikio. Alfajiri nilisikia kinu chako, jioni rozari yako, na katikati ya hayo nilisikia ukisugua yale mapipa ya plastiki ya kuchachishia matunda, ukiyagombeza kama watoto wasiotaka kuoga. Masista walikufundisha kazi hiyo ukiwa msichana, na hukuiacha. Kila Pasaka na kila Noeli chupa moja ilizunguka ua ikaja kwangu. Nami ni mtoto wa karani wa misheni ya Kimethodisti. Kwetu pombe haikuvuka mlango, hata ya kusafishia kidonda. Ulilijua hilo vizuri. Beatrice alikukumbusha mwaka wa kwanza, ukamjibu kwa sauti ya kunifikia na mimi upande wa pili: "Minyi najua hakunwaka pombe. Umuwekee tu. Zawadi ya mama mukwe hairudishwake."

Basi akaniwekea. Chupa zikaingia chini ya kitanda, moja baada ya nyingine, mpaka tukainua kitanda kwa matofali. Tumelala juu ya divai yako miaka yote hii, mimi na binti yako, na hakuna aliyelewa.

Aliyeonja kabla yangu alikuwa mchungaji wetu, Mungu amrehemu. Siku ile alikuja kutuombea baada ya homa ya Odette, na Beatrice akaenda kumletea juisi ya maua mekundu ya ngai-ngai, ile uliyokuwa ukiwatengenezea watoto. Lakini ulikuwa ukitumia chupa za namna moja kwa juisi na kwa divai, na jikoni kulikuwa na giza. Mchungaji akanywa bilauri nzima, akafunga macho, akasema, "Hii juice iko na nguvu. Mama mwenye kuitengeneza, Mungu amubariki mikono." Akaomba ya pili. Sala aliyoitoa siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, na ilimtaja kila mgonjwa wa Kamina kwa jina. Mimi niligundua kwa harufu, nikamwacha anywe. Wewe uligundua kwa kusikiliza, nikakusikia ukicheka nyuma ya matete mpaka ukakaa chini. Sijui uso wako unakuwaje ukicheka. Sauti tu ndiyo ninayoijua.

Halafu miguu yako ikakataa kutembea. Mwanao akaja na gari kukuchukua, ukaishi kwake Kabondo-Dianda, mbali na sisi, kwenye ile barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Siku uliyoondoka nilisimama nyuma ya jiko nikiwa nimekupa mgongo, kama inavyotakiwa. Nilisikia wakikubeba, nikasikia ukiuliza, "Mukwe wangu iko wapi?" Beatrice akakujibu, "Iko pale nyuma, anakupatia heshima." Ukasema, "Njo vile." Kisha gari likawashwa. Nilibaki nimesimama pale nikitazama sufuria iliyogeuzwa, na roho iliniuma kwa namna ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia. Mama wa mke wangu anaondoka, na mimi namuaga kwa mgongo.

Odette alipomaliza shule akaja kukuuguza, nasi tukapata habari zako kwa simu. Ndipo siku moja akatutumia sauti, akikuita kambo, yaani bibi, kama kawaida yake: "Papa, kambo anauliza, zile shupa ulionjaka hata moya? Anasema mudomo yake imekufa juu ya dawa, hasikie tena chumvi wala sukari. Anapenda kujua divai yake ilikuwa namna gani kisha kuzeeka. Yeye alizigawaka zote zikiwa mpya, hakuna yenye alingojaka."

Mama, ombi hilo lilinikuta nimechoka vibaya. Nafundisha asubuhi shule moja na mchana nyingine, chaki imenikaa kooni, umeme ukija tunashangaa. Lakini siwezi kumnyima mama mkwe kitu, hilo nalo tulifundishwa. Nikavuta maboksi kutoka chini ya kitanda. Nyumba ya Mmethodisti haina kifaa cha kufungulia divai, kwa hiyo nikakisukuma kizibo ndani kwa msumari na nyundo, ikanirukia, shati likawa jekundu mpaka kiunoni. Beatrice alishika mbavu kwa kicheko. Tukakaa mezani na vikombe vya chai, saa ya mvua, mlango tumeufunga, watu wazima wenye wajukuu, tukaanza dhambi.

Tulianza na ya ngai-ngai. Nitakwambia ukweli kwa sababu uliuomba. Utamu umekwisha kabisa. Umebaki uchachu unaovuta mashavu kwa ndani, na rangi imekuwa ya tofali la zamani. Ilinikwaruza koo. Nilikuwa nimetarajia dhambi iwe tamu zaidi. Lakini nilipokaa kidogo, joto likanishuka mpaka magotini, mahali ambapo uchovu wangu wa kusimama ubaoni hukaa. Beatrice akasema iko kali lakini haina hila. Nadhani alisema vizuri kuliko mimi.

Ya mananasi imekufa, Mama, usihuzunike. Imekuwa siki. Beatrice aliimwagia samaki aliyeletwa kutoka Bukama na tulilamba vidole, kwa hiyo kazi yako haikupotea. Ya asali ni hatari. Nilikunywa kikombe kimoja alasiri: ni nzito, inateleza, inanukia nta na moshi wa warina asali, kisha nikafungua mitihani ya wanafunzi wangu kuisahihisha. Kesho yake nilishangaa kuona jinsi darasa langu lilivyojaa watoto wenye akili. Ikabidi nianze upya.

Na ya masuku, yale matunda ya porini. Sijui nikueleze vipi. Ni ile uliyoleta mwaka aliozaliwa Odette; Beatrice ameitambua kwa kitambaa ulichofungia shingo ya chupa. Ukiinusa ni pori lenyewe baada ya mvua za kwanza, masuku yaliyoanguka yakaanza kuchacha chini ya majani makavu. Ukiionja ni kavu, halafu ni laini, halafu kuna uchungu mdogo mwishoni kama wa ganda la tunda. Beatrice alikumbuka jinsi ulivyokwenda porini mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, kwa sababu mimba ilimfanya akatae chakula chote isipokuwa masuku. Ulirudi umelowa, ukampitishia kapu juu ya ua, na yaliyobaki ukayatia katika pipa. Mimi nilikuwa ndani nikisikiliza. Sikutoka kukusaidia kapu, kwa kuwa mkwe hatoki. Nilipokunywa nikalia, Mama. Sikulewa. Nililia kwa sababu ilikuwa nzuri, na aliyeitengeneza alikaa jirani yangu karibu maisha yangu yote, na sikuweza kugeuka nikamwambia, "Aksanti, hii ni nzuri."

Hapo ndipo nilipoamua. Unajua kwamba wazee waliweka njia ya kuiondoa haya hii: mkwe analeta mbuzi na kitenge, mama mkwe anapika, wanakula sahani moja mbele ya watu, na kuanzia hapo wanatazamana. Kila mwaka tulisema mwaka ujao. Kulikuwa na msiba, kulikuwa na karo, kulikuwa na mvua. Safari hii nilipata mbuzi. Beatrice alichagua kitenge. Nikamtumia Odette ujumbe kwamba nakuja kuiondoa haya kati yetu, hata kama atakayepika ni yeye kwa niaba yako.

Jumapili akanipigia, sauti yake imeshuka. "Papa, kambo anakatala." Nikamwuliza, juu ya nini? Nikakusikia nyuma yake, polepole, ukitafuta pumzi, na najua ulikusudia nisikie kama zamani:

"Umwambie hivi. Hapa kila muntu ameniona. Bananibeba, bananiosha, bananibadirisha nguo sawa mutoto. Hata bajirani banaingia bule, banasimama, banasema pole. Minyi sina tena kintu ya kuficha. Ule mukwe wangu njo muntu moya tu mwenye hajaniona. Aniachie ile."

Nikakata simu bila kuaga. Nilikasirika, nakiri. Nilikaa kwenye kizingiti mpaka chai ikapoa, nikimwambia Beatrice kwamba mila hizi zimetuchosha, kwamba watoto wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao na dunia haijaanguka. Yeye aliendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Mama alikuwaka muntu ya kuvaa muzuri sana. Weye haukumuonaka, lakini alivaaka muzuri." Halafu akaingia ndani, nikamsikia akilia.

Basi nikaelewa, Mama, ingawa nimechelewa. Muda wote huo niliiona haya yetu kama mzigo tuliobebeshwa wote wawili, nikadhani nikija kuitua nitakuwa nimekufanyia wema. Sikuwaza kwamba kwako ndiyo nguo ya mwisho iliyobaki mwilini. Kwa wengine wote umekuwa mgonjwa. Kwangu bado ni mama mkwe, mwanamke mzima anayepita njiani na watu wanampisha. Siwezi kukuvua hiyo kwa ajili ya hamu yangu.

Lakini nakuja. Barabara ikikauka kidogo nitapanda pikipiki, na mbuzi watamleta wenye baiskeli, awe zawadi tu, si wa kuondoa haya. Mwanao aniwekee kiti nje, chini ya ukuta wa chumba chako, na dirisha lifungwe. Nitakuwa na chupa yako na kikombe changu, na Odette atakupa na wewe kikombe chako. Utakunywa ukiwa ndani, nitakunywa nikiwa nje. Mdomo wako hausikii, kwa hiyo utaniuliza kupitia kwake, nami nitajibu kwa sauti jinsi ilivyo, kila funda, mpaka utakaposema inatosha. Sitaharakisha. Ukilala katikati nitangoja.

Sitaingia. Wakinisukuma niingie nitakataa, na siku ile tusiyoitaja, watakapowaita watu wote waje kukutazama, mimi nitakupa mgongo vilevile. Usiwe na wasiwasi na hilo. Siku nitakayofika, mwambie tu Odette akuvalishe vizuri, akufunge na kitambaa cha kichwa, ingawa sitakiona.

Mkwe wako wa Kamina,
ambaye hajakuona.