Atakayewaita Mbele ya Askofu

Kigangoni, Subukia
4 Juni 2024

Mjukuu wangu Njoki,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima huko parokiani, na baridi hii haijakushika kifua. Mimi sijambo, ila masikio yangu hayashiki simu tena, ndiyo maana nakutumia barua na Kipchoge wa gari la maziwa.

Nina ombi. Tangu ujana wangu nimekuwa katekista wa kigango hiki. Padri asipofika, nimeongoza ibada, nimezika, nimebatiza vichanga mahututi. Lakini siku ya kipaimara, mwalimu wa parokiani ndiye huwaita majina mbele ya Askofu watoto niliowafundisha. Mimi hukaa nyuma. Sijawahi kulalamika. Darasa hili ni la mwisho, macho yananiacha. Mwombe paroko wenu, Father Maxwel, aniruhusu niwaite watoto wangu mwenyewe, mara hii moja tu.

Ni mimi babu yako, Guka.

Ofisi ya Parokia
21 Juni 2024

Guka mpendwa,

Milele na milele, amina. Mimi ni mzima. Je, magoti yako? Unakunywa uji asubuhi?

Ombi lako nimelisoma, na unastahili. Ila Father ni mtu wa maneno machache, nami bado niko kwenye kipindi cha majaribio hapa ofisini. Jana nilibisha mlango wake. Akauliza, "Una neno, Njoki?" Nikasema nimekuja kufunga dirisha. Lilikuwa limefungwa. Akanitazama tu.

Nitamwambia wiki hii, Guka.

Mjukuu wako, Njoki.

Kigangoni
20 Julai 2024

Njoki wangu,

Salamu nyingi. Huku mahindi yamebeba vizuri. Umenyamaza, nami najua kazi ni nyingi. Nimepiga pasi koti. Jirani yangu Shiko ananicheka, "Mzee, unaoa tena?" Nimemwambia angoje aone.

Father amesemaje?

Guka.

Ofisi ya Parokia
6 Agosti 2024

Guka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Ratiba ya kipaimara imetoka. Mwalimu Levis wa hapa parokiani ndiye atakayewaita watoto wote. Nilijaribu, Guka. Pole sana. Tafadhali njoo hata hivyo.

Njoki.

Kigangoni
27 Agosti 2024

Mjukuu wangu,

Amani ya Kristo. Mimi ni mzima.

Siku ile ya kipaimara uliniona nikitoka upesi, hatukuongea. Mwalimu Levis aliwaita vizuri, sina la kumlaumu. Lakini kila mtoto wangu alipoitwa, miguu yangu ilitaka kusimama. Shiko akanivuta koti: "Kaa chini, mzee, wewe ulipakwa mafuta zamani!" Tukacheka, kisha sikuweza tena kucheka.

Baada ya misa nilimfuata Father. Nilitaka kumwomba radhi kwa kumsumbua, nisije nikabaki na kinyongo naye. Nikasema, "Father, unisamehe kwa lile ombi langu."

Akasema, "Ombi gani, mzee?"

Nikamweleza. Akageuka akakutazama kule ulikokuwa ukikusanya vitabu vya nyimbo. Kisha akanishika mikono yote miwili: "Aa, lile! Njoki aliniambia. Ni mimi niliyesahau, mzee wangu. Ningekuruhusu, tena kwa furaha. Nisamehe wewe."

Njoki, nimewafundisha watoto kitubio maisha yangu yote. Najua uso wa mtu anayejitwika kosa lisilo lake.

Kwa hiyo sikuulizi kitu. Ila huyo mtu uliyemwogopa, usimwogope tena.

Darasa nimemkabidhi Jepkorir wa hapa kigangoni, ana subira. Askofu huja huku kila baada ya miaka kadhaa, na sidhani atanikuta. Nilitaka kukuandikia kwamba si kitu, nikaona nitakuwa nakudanganya. Ni kitu, mwanangu. Kinaniamsha alfajiri, nami najikuta nikiwaita mmoja mmoja hapa kitandani.

Njoo Jumapili. Hatutazungumza mengi. Uketi tu karibu nami, uyasikie majina yao.

Guka wako anayekupenda.