Dirisha la Darini

Jumatatu, 2 Februari 1953

Uji, dawa, zaburi ya siku. Uji sikuumaliza. Fundi Mathayo alikuja mapema na mbao. Tangu nistaafu ualimu, dari yangu haikuwa na kitu ila boriti za mikoko, panya na masanduku ya vitabu. Sasa itakuwa chumba cha wageni. Si wageni wa kukaa, wa kupita tu. Ndivyo nilivyomwambia kila mtu hapa Temeke.

Humu naweza kusema kweli. Chumba ni cha mgeni mmoja. Samweli, mdogo wangu, anakuja kutoka Nyasaland kunichukua mimi dada yake nikafie nyumbani. Sitaki. Nataka kufia hapa. Nataka alale pazuri, aone nina kwangu, arudi peke yake.

Alhamisi, 5 Februari

Sakafu ya darini imekwisha. Ngazi iko ukumbini. Nilipanda hadi katikati, moyo ukanidunda, nikashuka.

Juu bati linachoma. Mathayo anasema bila dirisha mgeni ataiva. Upepo wa kaskazi huja upande mmoja tu, upande wa Bi Mwanaidi. Nikamwambia atoboe hapo hapo. Yeye ni Mmakua wa Masasi, mimi mtu wa ziwani. Wote wawili hatukuwaza zaidi ya upepo.

Jumamosi, 7 Februari

Bi Mwanaidi alikuja akasimama mlangoni. Hakutaka kukaa. Ni jirani yangu tangu nihamie mtaa huu. Ndiye anayenichotea maji, na ndiye anayeniogesha siku nisizoweza kunyanyuka. Leo hata shikamoo sikuipata.

"Mwalimu, lile tundu la nini?"

"Dirisha. La mgeni."

"Mgeni mwanamume?"

"Ndugu yangu. Mtu mzima, haoni vizuri."

"Ndiyo atakodoa zaidi! Bafu letu halina paa, Mwalimu. Wanangu waoge na kaniki?"

Nikacheka. Kosa. Akaondoka.

Nimefundisha wasichana maisha yangu yote. Nilijua kwamba uani mwa watu hamchunguliwi. Nilidhani tu hilo ni lao, halinihusu.

Jumanne, 10 Februari

Hakuna aliyekuja. Wanawake wanapita mbele ya baraza wakitazama mbele. Juu ya bafu la Bi Mwanaidi wametandaza kanga. Maji nimechota mwenyewe, nusu ndoo. Nikaanguka mlangoni. Nikakaa palepale chini mpaka nguvu ziliporudi.

Nina hasira. Zaidi nina hofu. Samweli akifika akakuta hali hii atasema sina watu. Atanichukua.

Ijumaa, 13 Februari

Nimemwita Mathayo azibe dirisha.

"Mie nitoboe, mie nizibe? Haya. Lakini mgeni wako atatoka humo ameshaiva, tumle na ndizi."

Akaziba kwa mbao na udongo. Hakuna jirani aliyetoka kutazama. Nilitarajia watatoka. Kwenda kuomba radhi sikwenda. Nilitaka ule udongo uniombee.

Jumanne, 17 Februari

Samweli amefika, kwa basi kisha kwa treni. Amekonda, anafanana na baba. Anasema nami Kinyanja, namjibu, maneno mengine hayaji. Nakiri hapa kwa kuwa sijui nitaandika hadi lini: siku hizi naota kwa Kiswahili. Nyumbani sipakumbuki mpaka nijilazimishe. Nikipakumbuka, sipatamani. Sijawahi kumwambia mtu.

Jioni alipanda darini na mkoba wake. Haukupita muda akashuka, jasho linamtiririka. "Dada, umenijengea tanuri." Akatandika mkeka barazani. Kabla hajajilaza akaniuliza majirani zangu wako wapi. Nikajifanya sikusikia.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Kanisani sikuweza kwenda. Nilikuwa bado kitandani niliposikia sauti ya Bi Mwanaidi barazani.

"Shikamoo, baba. Kulikoni kulala nje kama mlinzi?"

"Marahaba. Juu hakukaliki. Hakuna dirisha."

"Lilikuwepo. Limezibwa kwa ajili yetu."

Kisha akapaza sauti kumwita mumewe, Mzee Kondo. "Mgeni wa Mwalimu amelala barazani! Mtaa mzima watatucheka sisi, si yeye." Mkeka ukakunjwa, mkoba ukachukuliwa. Samweli amepewa chumba chao cha mbele.

Baadaye akaingia kwangu na ndoo ya maji. Nikamwomba radhi. Kwa maneno, safari hii.

"Yameisha. Geuka nikusugue. Mifupa mitupu, Mwalimu, hata mchuzi hutoshi."

Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi hivi.

Jumatatu, 23 Februari

Samweli analala kwa Mzee Kondo. Mchana wanacheza bao, anafungwa. Ananitazama pia. Anatazama nani anaingia kwangu, na ana nini mkononi.

Leo aliniuliza bila kuzunguka: nikifa huku, nani ataniosha? Nikamwonyesha kwa kidevu, upande wa uani kwa Bi Mwanaidi.

"Yule ni Mwislamu, dada."

"Ndiye anayeniosha sasa."

Akainama akafunga kamba za viatu vyake, ingawa zilikuwa zimefungwa. Habari ya kunichukua hakuitaja tena.

Jumamosi, 28 Februari

Samweli ameondoka kwa treni ya leo. Peke yake. Tuliagana hapa barazani. Alilia. Mimi sikulia. Vitabu vyangu amevichukua, masanduku ameyaacha.

Chumba cha darini hakifai kwa mgeni yeyote, wa kukaa wala wa kupita. Dirisha litabaki limezibwa. Bi Mwanaidi ameomba aanike kunde huko, anasema joto la bati linazikausha vizuri. Tangu mchana binti zake wanapanda na kushuka ngazi. Nasikia nyayo zao juu ya kichwa changu, na vicheko.

Kifua kinabana. Si sana.

Maji yangu ya kuoga yako jikoni kwao yanapata moto. Nasubiri kuitwa.